Samaki Aliyezidi Inchi Mbili

Samaki niliyemlaza juu ya ubao wa kupimia, asubuhi moja ya mwezi wa Juni mwaka 2024, katikati ya ghuba ya Barnstable huko Cape Cod, alikuwa na urefu wa inchi 33, na sheria ya jimbo la Massachusetts yataka samaki wa jamii yake asichukuliwe ila awe ametimiza inchi 28 na hajafika 31, tena mmoja tu kwa mtu kwa siku. Basi kwa ajili ya inchi mbili, ambazo ni upana wa vidole vitatu hivi, kitoweo kilichokwisha kuwa mikononi mwangu kikawa si changu tena, nami nikamteremsha majini, nikamshika shina la mkia, nikamwelekeza uso wake kwenye mkondo ili maji yapite katika matamvua yake, nikangoja. Alikaa vile kitambo, mdomo ukifumba na kufumbua, kisha akapiga mkia mara moja, akanirushia maji usoni, akatokomea.

Adhuhuri ya siku ile, ambayo kisiwani Pemba ni baada ya Magharibi, nilimpigia simu ami yangu aliyeko Wete, mtu aliyevua kwa mshipi na kwa dema tangu sijazaliwa, nikamwamkia, akaitikia, nikamhadithia habari ya samaki wangu kwa furaha ya mtoto aliyerudi na zawadi ya skuli.

"Ulimvua, ukampima, ukamrudisha?" aliuliza.

"Naam, ami. Ndiyo sheria ya huku."

"Basi ulimtoboa mdomo ili ujue kimo chake."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayejaribu kuelewa desturi ya wageni, kisha akaniuliza habari za watoto, tukaendelea na mengine. Lakini neno lile lilinikaa kooni kama mwiba wa changu, na haya niyaandikayo ni jitihada ya kulitoa au kulimeza.

Yapasa kwanza nieleze habari za samaki mwenyewe, kwani mtu hawezi kupima dhulma au insafu aliyotendewa kiumbe pasipo kukijua kiumbe hicho. Ni samaki wa fedha, mwenye milia myeusi 7 au 8 inayotoka nyuma ya shavu ikanyooka mpaka mkiani kana kwamba ilichorwa kwa rula. Wamarekani wa kaskazini humwita kwa milia hiyo, na wale wa ghuba ya Chesapeake humwita samaki wa mwamba, na jina lake la kitaalamu, Morone saxatilis, nalo lina maana hiyo ya mwamba. Maskani yake ni bahari, lakini mazalio yake ni mito: kila masika ya huko, wakati miti inapochipua, majike hupanda mito imiminikayo Chesapeake, na Hudson, na Delaware, wakataga katika maji yasiyo chumvi, na mayai yao sharti yachukuliwe na mkondo mpaka yaangulike, siku mbili hivi, kwa maana yakizama kwenye tope hufa. Baada ya kutaga huelekea kaskazini wakifuata pwani, na kufikia Mei hutokea katika ghuba za Cape Cod, wakakaa humo mpaka baridi ya Oktoba iwarudishe. Aliyeokoka taabu hizo zote aweza kuishi miaka 30.

Ghuba ya Barnstable hujaa na kupwa kwa tofauti ya karibu mita 3, na maji yakitoka huacha wangwa mpana wa mchanga na tope, wenye mifereji iliyopinda na vidimbwi ving'aavyo, na upande wa kaskazini umekingwa na ulimi mrefu wa matuta ya mchanga uitwao Sandy Neck. Mtu wa Pemba akifumbuliwa macho hapo wakati maji yamekupwa angedhani yuko kwao, isipokuwa angeitafuta mikoko asiione. Mahali pa mikoko pameota majani ya maji ya chumvi, marefu, ya kijani kibichi wakati wa joto na rangi ya dhahabu ifikapo Septemba. Mimi hapo hupaona kuwa ni nyumbani kulikosahauliwa na jua.

Aliyenipeleka huko ni jirani yangu, mzee wa Kimarekani, fundi seremala aliyestaafu, mwenye kayaki mbili na subira ya kuzitumia. Kayaki ni chombo kilichobuniwa na watu wa nchi za barafu, ambao walikiunda kwa mifupa na mbao za kuokotwa pwani, wakakivika ngozi ya sili, ili wawanyemelee wanyama wa baharini bila ya kusikika. Na ingawa hizi za leo ni za plastiki, hekima yake ni ile ile. Haina tanga wala ndubi, huketi mtu mmoja, hupigwa kafi lenye bapa huku na huku, nayo huelea juu ya maji yasiyofika magoti, mahali ambapo mashua ya mtambo ingekwama. Jirani yangu alinifundisha kuwa kafi likigonga ubavu wa chombo, sauti hiyo hutangulia majini kumpa samaki habari zako, na kwamba ukiyasogelea maji machache yapasa uache kupiga kafi mapema, uuache upepo ukuchukue, na mikono yako uilaze mapajani kama mtu aliye katika tahiyatu. (Mfano huu wa mwisho ni wangu.)

Kisha hutazama. Samaki huyu, maji yanapojaa, huingia nyuma ya ukingo wa maji akipanda mifereji, akivifuata visamaki vyembamba mfano wa mkunga mchanga, ambavyo hujifukia mchangani, naye huvifukua kwa pua. Na mahali palipo na kina cha shubiri tatu waweza kuiona ncha ya mkia wake ikitoka juu ya maji na kupepea. Pengine huoni mkia, bali huona maji yanayotetemeka kinyume cha upepo, au kivuli kinachokwenda juu ya mchanga mweupe ilhali hakuna wingu. Na pengine ndege hukuonyesha, wakipiga mbizi mahali pamoja. Maji yanapokupwa mambo hugeuka: kila kilichoingia wangwani hulazimika kutoka kwa njia chache, na samaki wa milia hujipanga pale ambapo fungu huangukia katika mfereji, akasimama kama mtoza ushuru mlangoni mwa forodha, asihangaike, akingoja mali ipite. Hapo wewe hutupa chambo chako, kitu cha mpira laini kilichofanana na kisamaki, mbele ya uso wake na mbali kidogo, ukakivuta polepole. Na akikipokea hupiga kwa nguvu hata chombo chako hugeuka kikamfuata, nawe huwa huvui tena bali wavuliwa, ukikokotwa katika maji ya asubuhi na kiumbe usichokiona.

Nakiri kuwa hiyo ni ladha kubwa, na ladha ndiyo iliyoleta mashaka haya, kwani ami yangu katika miaka yake yote ya kuvua hakupata kuniambia hata siku moja kuwa kuvua ni raha. Alikuwa akisema kuna siku za kupata na siku za kukosa.

Ama sheria ile ya inchi, ilinichukiza mpaka nilipoijua nasaba yake. Mwaka 1639, walowezi wa Kiingereza wa koloni ya Massachusetts Bay, walioanza kuwazika samaki hawa mashambani kuwa mbolea ya mahindi, walikatazwa na baraza lao kufanya hivyo. Na mwaka 1670 koloni jirani ya Plymouth iliagiza kuwa pato la uvuvi wa samaki hawa na wenziwe huko Cape Cod litumike kuendesha skuli isiyo na ada. Hata hivyo walivuliwa bila kiasi, na ilipofika miaka ya 1970 na 1980 walipungua hata watu wakadhani watatoweka. Baraza la Marekani likatunga sheria mwaka 1984 ya kuwahifadhi, na jimbo la Maryland likafunga uvuvi wao kabisa tangu 1985 hadi 1990, na mwaka 1995 ikatangazwa kuwa wamerejea. Furaha haikudumu. Idadi ilishuka tena, na tangu 2019 watoto wanaohesabiwa kila mwaka katika Chesapeake wamekuwa haba. Na kwa kuwa kizazi cha mwaka 2015 kilikuwa kikubwa, na kufikia 2023 kilikuwa kinaingia katika vimo vinavyoruhusiwa, kipimo cha juu kilipunguzwa kwa dharura kutoka inchi 35 hadi 31 ili kizazi hicho kipate kupita. Samaki wangu wa inchi 33 yamkini alikuwa mmoja wao, na kwa ukubwa wake yamkini alikuwa jike, na jike mkubwa hutaga mayai yapitayo milioni. Kwa hiyo sikumrudisha samaki mmoja. Nilirudisha mji.

Jibu hilo lingetosha kumnyamazisha mwanasheria, ila ami yangu si mwanasheria, wala hakuuliza kwa nini nilimrudisha. Aliuliza kwa nini nilimtoboa. Na swali hilo lina swali jingine ndani yake, nalo ni la riziki. Tumelelewa katika itikadi kuwa mja hafi mpaka aile riziki yake yote, na kwamba alichoandikiwa hakimpiti. Basi samaki yule, kama aliandikwa kuwa wangu, sheria ya Massachusetts ina nguvu gani ya kuninyang'anya? Na kama hakuandikwa kuwa wangu, alikuwa akifanya nini kwenye ndoana yangu?

Wanazuoni wa elimu ya kalam, yaani elimu ya itikadi, walijadiliana zamani juu ya maana ya riziki. Muutazila walishika kuwa riziki ni kile tu ambacho ni halali kwa mtu na hapana wa kumzuia nacho, na kwa hiyo mali ya wizi si riziki ya mwizi. Na Ashaari, ambao ndio madhehebu ya itikadi ya walio wengi katika pwani yetu, walijibu kuwa riziki ni kila kilichomfikia kiumbe akanufaika nacho, kiwe halali au haramu, kwa sababu mtu aliyekula haramu umri wake wote hawezi kusemwa kuwa Mungu hakumruzuku. Nilipolipeleka shauri langu mbele ya makundi haya mawili nilishindwa kote: kwa Muutazila samaki hakuwa riziki yangu kwa kuwa nilizuiwa naye, na kwa Ashaari hakuwa riziki yangu kwa kuwa sikumla. Watu hawa walioshindana katika mambo mengi waliafikiana dhidi yangu.

Au sivyo. Kwa maana nilipolirudia neno lile la kunufaika nilitishika, nikatambua kuwa sikuondoka mikono mitupu asubuhi ile. Nilikokotwa, nilipiga kelele, moyo ulinienda mbio, nilirudi nyumbani nikiwa mtu mwenye bashasha, nikazungumza habari hiyo mchana kutwa. Hayo ni manufaa. Ikiwa kunufaika ndiko kuruzukiwa, basi mimi nilikula, tena nilishiba. Nacho nilichokula ni kutapatapa kwake.

Jirani yangu nilipomwambia hivi hakuona aibu yoyote. Yeye ni mtu wa kanisa, na kwake kumwona samaki mkubwa akiondoka mzima ni ibada. Husema kuwa hapati katika wiki nzima saa iliyo safi kama hiyo, na kwamba Muumba hawezi kukasirika kwa kuwa mtu ameistaajabia kazi yake kwa karibu. Na ni mtu mwenye hadhari: huzivunja chembe za ndoana zake kwa koleo ili zichomoke bila kuchana, hamtoi samaki majini ila kwa kumpima, na maji yakipata joto sana mwezi wa Julai huacha kuvua mchana kwa sababu samaki aliyechoka katika maji ya moto hafufuki. Sikuwa na la kumkosoa. Wataalamu wenyewe wa wanyama bado wanabishana kama maumivu ya samaki ni kama maumivu yetu, na sheria yetu ya dini imehalalisha mawindo ya bahari kwa upana usiopatikana katika mawindo ya bara, hata samaki hahitaji kisu.

Wiki tatu baadaye nilifanya kosa la mgeni. Nilimfuata samaki mbali ndani ya mfereji wakati maji yanatoka, nikasahau kutazama nyuma, na nilipogeuka mlango wa mfereji ulikuwa mchanga mtupu. Jirani yangu alikuwa nje, kwenye maji, ananipungia mkono. Alikaa kidogo, akaona hakuna la kufanya, akaenda kuvua. Nilibaki saa nne juu ya fungu pamoja na kayaki yangu, jua likinichoma na nzi wenye macho ya kijani, ambao ni balaa ya nchi ile mwezi wa Julai, wakininyonya vifundo vya miguu, na kwa kuwa sikuwa na kazi nilizunguka vidimbwini. Katika kimoja nilimkuta samaki wa milia amelala ubavu, amekufa, si mkubwa, labda inchi 24, milia yake imeanza kufifia. Na pembeni mwa taya, pale ndoana inapopenda kushika, palikuwa na tundu lenye ukingo mweupe. Kaa watatu wadogo walikuwa wamemwanzia tumboni. Siwezi kuapa kuwa tundu lile ndilo lililomuua, kwa maana samaki ana maradhi yake na maadui zake kama mtu. Ila nilichutama pale muda mrefu.

Wale wanaowahesabu samaki hawa kwa ajili ya kuweka sheria hukadiria kuwa katika kila 100 wanaorudishwa hai, 9 hufa baadaye, kwa jeraha au kwa uchovu, mahali ambapo mvuvi hawaoni. Tisa ni wachache. Lakini wavuvi wa raha wa pwani ile ni wengi mno, na wanaorudishwa kila mwaka ni mamilioni, hata mwaka 2020 zaidi ya nusu ya samaki wote wa milia waliouawa na wavuvi walikuwa hao waliorudishwa kwa huruma. Jirani yangu katika asubuhi njema hukamata samaki 20 na kurudisha 20, akaenda kwake na mikono safi. Kwa hisabu ile ameua karibu 2 na hakula hata mmoja. Ami yangu akivua 1 akamla, ameua 1.

Imepokewa kuwa ndege aliyeuawa bure atamshitaki muuaji wake Siku ya Kiyama, kwamba hakuuliwa kwa manufaa. Niliposimama pale kidimbwini nilijiuliza kama samaki yule angekuwa na daawa, na jirani yangu, nilipomhadithia jioni, alinijibu kwa haki kabisa: "Kwani kaa hawakula? Bahari haitupi kitu." Ni hoja nzito, na yule aijuaye bahari hawezi kuicheka, kaa naye ana riziki yake, na huenda ndoana ilikuwa mkono wa kumfikishia. Lakini naona ina kasoro moja, nayo ni nia. Mungu aweza kumlisha kaa kwa kosa langu, na kosa likabaki kosa. Mimi sikutoka alfajiri kwa ajili ya kaa.

Basi rai yangu, nayo ni ya mtu mmoja wala si fatwa, ni kwamba yule atokaye akiwa na chungu jikoni, akamrudisha asiyefaa kwa sababu sheria imemwamuru, jeraha lile ni katika gharama za kutafuta, kama jasho na kama samaki mdogo aliyekwama demani, na naona ataulizwa kwa upole. Lakini yule aliyekwisha kupata, au asiyetaka kupata, akaendelea kutoboa midomo mpaka jua limpande utosini, huyo hisabu yake sijui ataiandika katika safu gani. Najua rai hii haiko safi. Hakuna ajuaye kimo cha samaki kabla hajamvuta, na kumtafuta mmoja wa inchi 29 pengine ni kuwaumiza watano wasiotimia. Kwa hiyo nimejiwekea kiasi: nikirudisha watatu pasipo kupata wa halali, mshipi naukunja. Jirani yangu huicheka sana hesabu hii, huuliza kwa nini watatu na si wanne, na sijapata jibu ila kuwa kutawadha nako huosha kiungo mara tatu.

Mwezi wa Septemba, Ijumaa, majani ya wangwani yakiwa dhahabu tupu, nilimpata wa kwanza ana inchi 30 kamili. Nilimpima mara mbili, mkono ukinitetemeka, nikammaliza upesi, nikamweka katika mfuko wa barafu, na ufito wangu wa kuvulia nikaulaza juu ya magoti. Ndipo samaki wakaja hasa. Maji yalichemka pande zote, visamaki vikiruka kama mvua inayonyesha kwenda juu, milia ikimeta chini ya kayaki kiasi ningeweza kuigusa kwa kafi. Jirani yangu alikuwa akipiga kelele kwa furaha, mshipi wake umekaza. Akanitazama.

"Umechoka?"

"Sijachoka. Nimepata."

Alitikisa kichwa, akatupa tena. Nami sitasema uongo, mikono iliniwasha.

Adhuhuri, baada ya sala, nilimpigia simu ami. Nilimweleza yote, inchi zake, na samaki waliokuja baadaye, na jinsi nilivyokaa nikawatazama. Alisikiliza bila kukatiza, na nilidhani atanisifu.

"Na kichwa?" aliuliza. "Nasikia watu wa huko hutupa vichwa."

"Hatukukitupa, ami. Tumekipika mchuzi wa nazi."

"Nazi mmeipata wapi?"

"Ya kopo."

Kimya kilipita kirefu, nikadhani simu imekatika.

"Nazi ya kopo," alisema ami yangu, kwa huzuni kubwa kuliko ile aliyoionyesha kwa samaki. "Maskini."